Sikio la Kuazima

Nyuzi alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya duka la vyombo vya muziki, anachomoa waya kwenye pedali nyekundu, anachomeka kwenye ya kijani. Zote mbili ni distoshen, vidude vya kukanyaga kwa mguu, vya kuikwaruza sauti ya gitaa mpaka ingurume. Ungedhani kuchagua ni kazi ndogo. Thubutu! Mpigaji hudanganywa na mikono yake mwenyewe. Ile aliyoipiga kwa nguvu ndiyo anayoiona tamu. Ndiyo maana wapiga gitaa hawajaribu pedali peke yao. Mmoja hupiga, mwenzake husimama mbali akasikiliza.

Mwenzake Nyuzi alikuwa Besi, kwa miaka kumi na minne. Sasa Besi ni mlinzi nchi za watu, na simu yake haikupatikana tangu asubuhi.

"Kaka, nisikilizie basi, nusu dakika tu," Nyuzi alimwomba muuza duka.

"Mimi nauza, sikio la muziki sina. Halafu punguza sauti! Watu wa jiji wakisikia wananifungia. Kibali cha kelele kimepanda bei tena."

Duka la simu la jirani lilikuwa linabwata matangazo kwa spika mbili kubwa tangu lilipofunguliwa. Wale wana kibali.

Saa kumi Nyuzi alitakiwa hotelini kujaribiwa. Meneja alishamwambia gitaa lake linamezwa ngoma zikianza. Leo asiposikika, nafasi yake inachukuliwa na kompyuta. Na pesa aliyonayo ni ya pedali moja tu. Kwa sauti ile ya chini, zote zililia kama mbu. Alimwomba mama mmoja aliyeingia kuulizia filimbi ya mwanawe. Mama akacheka kwa aibu, akatoka. Jiji zima hili, akose hata mtu wa kumwambia "hii" au "ile"?

"Potelea mbali," alisema, akafungulia sauti mpaka mwisho.

Nyekundu ikanguruma, vioo vikatetemeka. Akabadilisha, kijani. Muuza duka alipiga kelele, hakusikika. Mlangoni akasimama askari wa jiji. Nyuzi alimwona, hakuacha. Akarudia wimbo uleule kwa nyekundu, kisha kwa kijani, mpaka tamati.

"Afande, nijibu hili kwanza. Ipi nzuri?"

Askari akafikiri. Alifikiri kweli, kichwa amekiinamisha upande.

"Kijani. Nyekundu ina vurugu tupu. Hii, kila uzi nimeusikia."

"Asante, kaka yangu. Mimi nilikuwa naona nyekundu."

"Gitaa ni lake!" muuza duka aliwahi kusema. "Si la duka!"

Askari akainama, akachomoa waya, akalibeba gitaa.

"Utalifuata ofisini Jumatatu, ukiwa na kibali."

Saa tisa na robo. Nyuzi akainuka, akajipangusa magoti, akalipia ile ya kijani. Sikio alishaliazima; sasa lilibaki gitaa la kuazima kabla ya saa kumi.