Njia ya Punje

Kila Jumamosi asubuhi, mama mmoja fundi cherehani aliyepachikwa jina la Redio alifunga kibanda chake akaenda kujitolea kwenye hifadhi ya mji, kutengeneza njia za kupandia kilima. Jina hilo hakupewa bure. Ndoa ikivunjika upande wa pili wa mji, yeye alikuwa keshaisikia, keshaifua na keshaianika. Wenzake walidhani anafuata soga tu, na soga alizifuata kweli. Ila habari moja hakuwahi kuitangaza: alikuja kwa sababu ya Punje.

Punje ni mdogo wake wa tumbo moja, mfupi, na nyonga yake ya kushoto mbovu tangu utotoni. Ngazi za magogo pale kwenye kona ya kilima zilikuwa na hatua ndefu mno kwake. Basi dada mtu na mdogo mtu walizizunguka, wakapita majanini, Punje kashika mkanda wa mkoba wa dada yake, wakimsema shemeji huyu na wifi yule mpaka kileleni. Nyayo zao zikazaa njia. Kisha Punje akamfuata mume mji wa mbali. "Nitakuja dada, mambo yakitulia." Mambo hayakutulia. Simu zake zikawa fupi kuliko mwenyewe.

Jumamosi moja kiongozi wa wanaojitolea, nesi mstaafu, alisimama penye njia ile na sururu begani.

"Leo tunaifunga hii. Mvua ikinyesha, maji yote yanashukia humu. Udongo umeliwa mpaka mizizi iko uchi."

"Nani kaichonga?" mwenzao mmoja, kinyozi, akauliza. "Ngazi hizo hapo, yeye anazizunguka kama mtu anayemkwepa mama mkwe."

Wakacheka wote isipokuwa Redio. Wakageuka kumtazama, maana Redio kunyamaza si jambo la kila siku.

"Ni mdogo wangu," akasema. "Ngazi hizo haziwezi."

"Yule aliye mbali?" Nesi akauliza.

"Huyohuyo."

"Anakuja lini?"

Redio akaokota jiwe, akaligeuza, akalirudisha palepale. "Hajasema."

"Mwenzangu," Nesi akasema taratibu, "nikimwachia njia asiyesema anakuja lini, kona yote itaporomoka. Hata yeye akija atakuta korongo."

Redio alijua ni kweli. Alikuwa ameliona lile korongo likikua, akalifumbia macho.

"Basi nitaifunga mimi," akasema. "Lakini ngazi tuzipunguze urefu. Kati ya gogo na gogo, tuweke lingine."

"Hiyo kazi ya kutwa nzima," kinyozi akalalamika.

"Una haraka gani? Nywele za watu hata kesho zitaota."

Wenzake wakachimba, wakabeba magogo, wakayapigilia vigingi. Redio akatandaza matawi makavu juu ya njia yake, akapanda majani yenye mizizi. Palikuwa na mahali Punje alipenda kuinama akijifanya anafunga kamba za viatu, kumbe anatafuta pumzi. Hapo Redio akapaacha mpaka mwisho, kisha akapapanda majani polepole.

Alasiri kinyozi akazijaribu ngazi kwa miguu yake mirefu, akajikwaa mara mbili.

"Hizi za nani jamani? Sisi warefu tutavunja pua."

"Za mgeni," Redio akajibu.

Wenzake waliposhuka kunawa, yeye akabaki. Akapanda kama apandavyo Punje: mguu wa kulia kwanza, kisha wa kushoto ukaletwa kando yake, ukapumzika. Ngazi zikamfaa. Kileleni akatoa simu, akarekodi: "Punje, ngazi zimekuwa fupi sasa." Alitaka kuongeza umbea wa wiki nzima, alikuwa nao tele, akauweka akiba ya siku watakayopanda pamoja.

Akautuma ujumbe hivyohivyo. Akaukamata mkanda wa mkoba wake mwenyewe, akaanza kushuka, gogo kwa gogo, bila haraka.