Mesaji ya Gitaza

Asma alirudi kutoka shule saa saba na nusu, viatu mukononi kwa sababu ya matope, na kitu cha kwanza alichoona sebuleni ni namba moja nyekundu inawaka na kuzimika ku simu ya nyumba.

Simu ile shangazi yake aliituma kutoka Bruseli. Ilikuwa vipande viwili: kitako, kinachokaa juu ya kabati na waya zake zote, na mukono, ule ambao mutu anatembea nao nyumba nzima bila waya. Ndani ya kitako mulikuwa reponder. Kama hakuna mutu wa kupokea, reponder inapokea yenyewe, inamwambia mutu aache maneno yake, inayaweka. Papa yake, Zubeir, aliipenda sana kwa sababu ya biashara yake ya mawese. Lakini kitabu cha maelezo ya simu ile kilikuwa cha Kifaransa, maandishi madogo kama chawa, na mu nyumba ile aliyekisoma ni Asma peke yake. Basi buto zote za kubonyeza zikawa kazi yake. Kuongea ndiyo haikuwa kazi yake. Asma alikuwa na haya za kupita kiasi. Simu ikilia, alikuwa anaukimbiza mukono kwa mama yake kama anabeba kaa la moto.

Asubuhi ile Papa alikuwa ameondoka na boti, yeye na Meshaki anayeendesha moteri, kupeleka mawese Bujumbura. Barabara ilikuwa imefungwa mbele ya Gitaza na udongo ulioporomoka kutoka mulimani. Kufika saa nne upepo ukapiga ziwa, madirisha ya shule yakagongana mpaka mwalimu akasimamisha somo. Tangu hapo Asma hakusikia tena kitu walichokuwa wanafundishwa.

Akabonyeza.

Kwanza ikatoka sauti ya yule mwanamuke wa ndani ya mashine, kwa Kifaransa, ikitaja Jumanne, saa tano na dakika sita. Kisha makelele ya upepo. Kisha Meshaki, katikati ya maneno. Watu wa pale wengi hawangoji mulio. Reponder ikisema amahoro, na wao wanajibu amahoro, wanaiuliza habari za watoto, wanaiuliza kama mvua imenyesha, na mulio unapokuja kulia, nusu ya maneno imeshapotea.

"...yarapfuye," Meshaki alisema. "Maji iliingia. Tumemaliza kutoa mu ziwa, tuko hapa Gitaza ku muchanga. Mutafute gari ya kuleta nyumbani. Mu..."

Ikakatika.

Yarapfuye. Ni Kirundi, na neno lile Asma alilijua tangu anajifunza kutembea. Amekufa.

Akashusha sauti ya mashine mpaka chini kabisa, akaweka sikio juu ya tundu zake, akasikiliza tena. Maneno yalikuwa yale yale. Hayakuongezeka, hayakupungua.

Nyuma ya nyumba mama yake, Hadjara, alikuwa anakaanga ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Mafuta yalikuwa yanalia, na yeye anaimba kwa puani. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Wiki ile ile daktari alikuwa amemupima, akasema tansiyo ya damu iko juu, asishtuliwe na kitu chochote, hata mulango usipigwe kwa nguvu.

Asma akajiambia: lazima nijue kwanza. Nijue mimi, kabla yake. Labda nilisikia vibaya. Apige kwa Papa, apige kwa Meshaki, apige kwa mutu yeyote. Lakini kitako kilikuwa kitupu, mukono hauko. Na portabule ya Mama, simu yake ya mufukoni, ilikuwa kwa fundi tangu juzi.

Kulikuwa na buto moja ya kutafuta mukono uliopotea. Ukiibonyeza, mukono unalia pale uliko. Akaibonyeza.

Ukalia uani. Mafuta yakawa kama yamenyamaza. Halafu sauti ya Mama ikatoka ndani ya kitako, mbele ya uso wa Asma, kwa sababu vipande vile viwili vinaweza kuongeleshana.

"Alo? Zubeir? Ni wewe?"

Asma akasogeza uso karibu na tundu za mashine.

"Zubeir, ongea. Nakusikia unapumua."

Ilikuwa pumzi ya Asma. Akazima, akakimbia uani. Mama alikuwa amesimama, mukono wa simu ku sikio, kitenge kimefungwa juu ya tumbo, na jasho kidogo juu ya mudomo.

Asma akamwambia ni yeye alibonyeza, alikuwa anatafuta mukono auweke ku chaji. Mama akamutazama, akamupatia. Ulikuwa bado na joto la kiuno chake, pale alipokuwa ameuchomeka.

"Papa yako hajapiga?"

"Hajapiga."

Na haikuwa uongo. Hiyo ndiyo ilimutisha zaidi. Papa hajapiga.

Sebuleni akajaribu namba ya Papa. Haipatikani. Akataka kufungua orodha ya waliopiga, lakini kwa haraka akagusa buto ya pembeni.

"Amahoro," Papa akasema kutoka ku kabati. "Hapa ni kwa Zubeir. Sasa hivi siko. Acha maneno yako."

Alikuwa na furaha, kama siku ile aliyojirekodi, na mwishoni alikohoa kidogo. Asma akaziba tundu za mashine kwa mikono miwili, namna mutu anavyoziba mutu kinywa, mpaka ikanyamaza. Sasa hivi siko.

Orodha ikafunguka. Namba ilikuwa moja, asiyoijua. Alitaka kwenda kupigia nyuma ya geti, mbali na masikio ya Mama, lakini alipofika ku geti mukono ukaanza kulia titi, titi, umeenda mbali na kitako. Ikabidi arudi. Akachutama kati ya kabati na ukuta, akapiga.

Mwanamuke akapokea. Akasema yeye ni mwanika ndagala wa Gitaza, hii ni simu yake, wale watu wa boti waliomba tu, na mvua imemuharibia ndagala zote. Aliongea mbio mbio, hata hakuuliza ni nani. Wale watu wako pale, akasema, wamezunguka wanaangalia tu.

"Wamefunika na shiti ya plastiki," akasema. "Ngoja nikuitie mumoja."

Asma akauma kitambaa cha yunifomu yake. Alisikia hatua ku changarawe, mawimbi, mutu anaitwa. Alitaka kukata. Akikata, Papa atakuwa bado hajafa kwa dakika moja nyingine.

"Alo? Ni nani?" Ni Meshaki.

Asma akaukaza mukono wa simu ku sikio.

"Ongea basi, hii simu si yangu."

"Ni Asma."

"Asma gani?" Miaka mitatu anafanya kazi kwao, na hakuwahi kusikia sauti yake.

"Wa Zubeir."

"Ha! Kumbe mutoto ya patron iko na mudomo."

Alikuwa anacheka. Asma hakuelewa mutu anawezaje kucheka.

"Meshaki, nani yarapfuye?"

Ilitoka kwa nguvu kuliko alivyotaka.

"Nani? Hakuna nani. Ni moteri."

Kwa Kirundi mutu yarapfuye na moteri yarapfuye, neno ni lile lile, halibadiliki hata herufi. Neno moteri Meshaki alikuwa amelisema kabla ya mulio, akiongea na salamu za reponder. Sasa na yeye akaanza kuelewa. Sauti ikamushuka. Akamuita Mungu pole pole, kisha akamuita patron, aje haraka.

Asma akainua uso. Mama alikuwa mulangoni. Mukono mumoja umeshika ukuta, mwingine umeshika tumbo chini, na midomo imekuwa majivu. Alikuwa amesikia lile swali tu.

Asma akataka kumwambia. Kinywa kikakataa. Basi akabonyeza buto ya kutoa sauti nje, akanyoosha mukono wa simu mbele yake.

"Hadjara?" Papa akajaza sebule yote. "Portabule yangu imekunywa maji. Tangu saa tano tunangoja gari hapa, nyinyi mumelala? Hii moteri nilisema itatuua siku moja..."

Mama akateleza polepole na ukuta, akakaa chini, miguu akainyoosha. Alikaa hivyo, akimusikiliza anavyogomba, kuhusu moteri, kuhusu mawese yaliyomwagika, kuhusu mwenye shiti anayetaka shiti yake.

"Zubeir."

"Naam."

"Umekula?"

"Bado," Papa akasema, kwa sauti nyingine.

Hapo ndipo Mama alianza kulia. Asma akabaki amesimama juu yake, kidole kimekaza ile buto. Alijua kubonyeza mara moja kunatosha, lakini hakukitoa.