Mishono Iliyokataa Godoro

Jana alfajiri, Jumanne tarehe 14 Julai, saa kumi na dakika arobaini, manyunyu yakinyesha, niliota nimerudi bwenini, ni kiranja tena, pamoja na mvi zangu zote.

Juu ya kitanda changu limeketi blanketi la viraka. Ni lile ambalo dada yangu Eufrasia alinishonea kwa nguo za marehemu baba nilipokuwa kidato cha pili. Nililirudisha kwa posta bila barua, kwa kuwa kanuni ilitaka vitanda vyote vifanane.

"Bwana kiranja," blanketi linasema, "mishono yangu imesimama. Ilaze."

Kweli imesimama, kingo za vitambaa zimeinuka mstari kwa mstari, kama wanafunzi kwenye gwaride. Naagiza pasi. Blanketi linanikumbusha kwamba kwa Eufrasia hapakuwa na pasi, wala mkaa wa kuitia. Nalieleza kwa fahari kwamba sisi tulinyoosha suruali kwa kuzitandaza chini ya godoro na kuzilalia.

"Godoro ni la suruali. Mshono hulazwa kwa ukucha, kuelekea kwenye rangi iliyokoza. Na usiburute."

Nikaburuta. Kitambaa kikavutika, ukuta wa bweni ukavutika nacho, ukapinda hadi mlango ukafungukia jikoni kwa Eufrasia. Ameketi mkekani, ana miaka kumi na tisa, ukucha wa dole gumba umelika hadi nyamani. Ananiuliza kama lilinipa joto.

Nataka kutaja kanuni. Kiraka cha shati la baba kinakohoa.

"Sikujifunika hata usiku mmoja, dada. Niliona haya mbele ya wenzangu."

"Kumbe." Ananisogezea mshono wa kwanza. "Bonyeza, inua, sogea. Taratibu, mheshimiwa. Hakuna anayekukagua."

Nikailaza yote, mia mbili na kumi na sita. Hakuna uliosimama tena.

Nilipoamka, chini ya ukucha wangu palikuwa na unyuzi wa buluu. Nyumbani kwangu mashuka yote ni meupe.

Nikampigia simu Eufrasia kabla ya kunawa. Nilimweleza kosa langu lote, nikaomba radhi niliyoichelewesha miaka arobaini na mitatu, kisha nikaomba, kama lingalipo, anirudishie blanketi.



"Radhi nimekupa, mdogo wangu. Blanketi sikupi. Ndilo analojifunika shemeji yako, na baridi ya huku unaijua."