Ubatizo wa Naeku

Naeku alikuwa akifagia kanisa huku akitafuna katekisimu kimoyomoyo, swali na jibu, kama mbuzi anayecheua majani asiyoyapenda. Yote aliyajua. Ila hakuamini hata moja, na siku ya kubatizwa ndiyo hiyo imefika.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Bendera ilishabadilika bomani Kilosa, lakini darasa la tano lilikuwa bado mali ya misheni, na misheni haikumpa mpagani nafasi. Asiyebatizwa arudi kwao. Kwao Naeku ni Rudewa, na ng'ombe wa mzee Sendeka walishaingia zizini mwa baba yake kumchumbia. Mzee Sendeka mwenyewe, meno yalishamtangulia kaburini.

"We Naeku," mwanafunzi mwenzake Bibiana alimnong'oneza kwenye mstari wa kubatizwa, wamevaa magauni meupe, "ukitetemeka hivyo Padre atadhani shetani anatoka."

Naeku hakucheka. Aliogopa Padre Donati atamtazama ndani akute patupu. Akaulizwa kama anamkataa shetani, akasema anamkataa. Akaulizwa kama anamsadiki Mungu. Akasema anasadiki, na ulimi haukukatika.

Ndipo Padre akalowesha kidole kwa mate yake mwenyewe, maana ndivyo walivyobatiza siku zile, akamgusa masikio na pua.

Naeku akashtuka. Kwao, mzee akikutemea mate amekubariki, na mtoto mwenye adabu hutema kiganjani kabla ya kumpa mzee mkono. Katika mafundisho yote, hili ndilo la kwanza aliloelewa. Hofu ikamtoka. Akatema kiganjani, kwa heshima zote, akaushika mkono wa Padre.

Padre aliuchomoa kama aliyeshika kaa la moto, akaupangusa kwenye kanzu, pamoja na kidole chake kile kibichi.

Sista Odilia akamtoa Naeku hadi chumba cha nyuma, kichwa chake hakijaguswa na maji. Akamweleza alichoagiza Padre: akiri mbele ya wote kwamba shetani ndiye aliyemtemesha, ndipo abatizwe.

"Sema tu, mwanangu. Utabaki shuleni."

Naeku akatikisa kichwa.

"Sista, yale mengine yote nilidanganya. Hilo la mate tu ndilo la kweli."

Sista akatupa jicho mlangoni, kuona kama kuna aliyesikia. Kisha akaanza kumfungua vifungo vya gauni, maana lilikuwa la misheni.