Nilivyomchagua Daktari wa Bega Langu

Siku nilipoanguka kutoka juu ya stuli nikishusha jora la kitambaa, nilidhani bega limeteguka tu. Nikalikanda kwa maji ya moto wiki mbili. Wiki ya tatu mke wangu alinikuta nimesimama mbele ya kabati, mkono mmoja ndani ya shati na mwingine umenigomea. Alinivalisha, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Mimi ni fundi wa suti. Nimeshona makoti miaka arobaini na moja, na asubuhi ile sikuweza kuvaa shati.

Picha niliyopigwa hospitali ilionyesha kano ya bega imekatika kwenye mfupa. Daktari aliyeisoma alisema inataka kushonwa kabla mwezi haujaisha, maana kano iliyokatika hujikunja na kurudi ndani, na ikishajikunja sana haivutiki tena. Yeye mwenyewe hakuwa mpasuaji. Alimwandikia binti yangu majina ya wawili kwenye karatasi.

"Mmoja ni mtu mzima, wa hospitali ya zamani," binti yangu alinieleza tulipofika nyumbani. "Mwingine bado kijana, yuko ile hospitali mpya. Wote wanasifiwa. Chagua, Baba, nipige simu leo."

"Sichagui fundi kwa sifa," nikamwambia. "Nataka kuona kazi zao."

"Mabega ya watu hayatundikwi dirishani, Baba."

Mama yake akacheka. Mimi sikucheka. Mteja mwenye akili akija dukani kwangu huligeuza koti ndani nje, akatazama mshono. Kwa nje kila mtu anaweza kupiga pasi. Nikashikilia neno langu mpaka binti yangu akaulizia huku na huku, akanipatia watu wawili waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa bega, mmoja wa kila daktari.

Wa daktari mzee alikuwa mpaka rangi. Nilimkuta kazini, kwenye ofisi iliyokuwa ikikarabatiwa. Akaweka brashi juu ya kopo, akashuka ngazi, akajifuta mikono na kufungua ovaroli.

"Shikamoo, mzee. Tazama, ila usiogope."

Kovu lilikuwa nene, limepinda, lina vifundo kama mdomo wa gunia.

"Marahaba. Nani alikushona hivi?"

"Daktari huyo huyo. Mke wangu anasema nilipelekwa kwa fundi viatu."

Tulicheka wote wawili. Nikamshukuru, akapanda tena ngazi yake, nami nikaondoka na moyo mzito.

Wa daktari kijana alikuwa dereva mstaafu. Alinipokea sebuleni kwake, ametulia kwenye kochi kando ya dirisha. Nilipoomba kuona kovu, mkewe alikuja akamfungulia shati. Nikavaa miwani. Lilikuwa jembamba kama uzi, limenyooka, kama pindo la hariri lililoshonwa kwa mkono na mtu asiye na haraka. Nikaomba ruhusa nikaligusa.

"Huyu ni fundi," nikasema.

"Ana mikono," dereva akakubali. "Na adabu pia anayo."

Jioni ile ile binti yangu akapiga simu hospitali mpya. Wakatupa tarehe ishirini na saba. Nikalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu nianguke.

Siku tatu kabla ya tarehe hiyo mke wangu alikuwa ananivalisha, nami namsimulia kwa mara nyingine lile kovu la hariri.

"Na huyo mpaka rangi," akasema, "ulimkuta anafanya nini?"

"Anapaka rangi. Unadhani angekuwa anafanya nini?"

"Ukuta?"

"Dari."

Vidole vyake vikasimama kwenye kifungo cha tatu. "Kwa mkono upi?"

Nikakumbuka. Brashi ilikuwa mkono wa kulia. Kovu lilikuwa bega la kulia.

"Na dereva, shati alilifungua mwenyewe?"

"Mkewe alimfungulia."

"Fundi," akasema. Huniita hivyo akiwa na hasira au huruma, na mpaka leo sijui kuzitofautisha. "Ulikwenda kutazama bega au kutazama uzi?"

Tukapiga simu hospitali ya zamani. Nafasi ya karibu ilikuwa baada ya wiki tisa. Nikachukua simu mwenyewe, nikamweleza karani habari za kano inayojikunja, nikamwomba kwa sauti ambayo sijawahi kumwombea mtu kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisomea tarehe ile ile ya wiki tisa mbele.

Basi tarehe ishirini na saba nilikuwa nimelala kwenye machela, hospitali mpya, na daktari kijana ananichorea mstari begani kwa kalamu. Nikamuuliza kama anamkumbuka dereva.

"Namkumbuka sana. Yule alikuja kwangu mwaka na nusu baada ya kuumia. Nilipofungua sikukuta kano ya kuvuta."

"Lakini kovu lake ni zuri."

"Ah, hilo si langu, mzee. Nikimaliza ndani, anayefunga ngozi ni msaidizi wangu. Ana mkono mzuri kweli."

Kumbe sikuwa nimeona kazi yake hata moja, nzuri wala mbaya.

"Nitashika mkasi tena?" nikamuuliza.

Akafunika kalamu yake. "Shati nadhani utavaa mwenyewe. Mkasi, tutaona."

Neno hilo nalijua. Nimewaambia wateja miaka yote, kila walipoleta kitambaa ambacho nilikwisha kukipima kwa macho nikajua hakitoshi. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini machela ilikuwa imeanza kusogea, na mikono yangu yote miwili ilikuwa chini ya shuka.