Mrija wa Pili

Barua ya kwanza ya Vestina ya kuacha kazi ilirudi mezani kwake baada ya siku mbili. Haikurudi na jibu. Ilirudi kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karani wa masjala, na kila karatasi ya ofisi ile, hata inayomhusu yeye mwenyewe, mwisho wake ilikuwa mikononi mwake: aitoboe matundu mawili, aipe namba, aifungie ndani ya faili. Pembeni, kwa wino wa kijani, mkuu wake alikuwa ameandika neno moja: "Tuzungumze."

Wakazungumza. Bwana Nurudini, mwenyeji wa Kasulu mjini ambaye babu yake alikuja kutoka pwani kuuza nguo, alikuwa mpole mpaka anakera. Alimwagizia chai. Akamuuliza kama kuna mtu anamsumbua ofisini, kama kuna mgonjwa nyumbani. Vestina akasema hakuna. Anataka kufinyanga vyungu. Bwana Nurudini akacheka kidogo, akaona mwenzake hacheki, akaikoroga chai yake.

"Chukua wiki mbili upumzike, dada Vestina," akasema.

Akazichukua, akazimalizia zote kwenye udongo, kisha akarudi na barua ya pili. Nayo ikarudi mezani. "Tuzungumze." Ofisi ile ingekuwa inalipwa kwa mazungumzo, Kasulu nzima ingekuwa lami tupu.

Si kwamba kazi ilikuwa mbaya. Ingekuwa mbaya angeichukia vizuri, akaondoka. Ilikuwa kazi ya kubeba faili kutoka kabatini kwenda chumba namba tatu, na kulirudisha mchana likiwa na saini moja zaidi. Kulikuwa na faili moja la ugomvi wa kiwanja ambalo amelibeba miaka sita, limenenepa mpaka kamba yake imekatika, na kiwanja hakijapata mwenyewe. Jioni akijiuliza leo nimefanya nini, hakuwa na cha kuonyesha ila vumbi la makaratasi. Jumamosi alikwenda kijiji cha Makere kujifunza ufinyanzi, na Makere jua likizama palikuwa na kitu kimekaa kwenye nyasi ambacho asubuhi hakikuwapo. Hata kikipasuka kwenye moto, kilikuwapo.

Mama Ininahazwe, aliyemfundisha, hakujua kusifu. Alikuwa anakiinua chungu cha Vestina kwa mkono mmoja, anakipima, anakirudisha chini. "Kizito. Hiki atajitwika nani, punda?" Vestina akakibomoa na kuanza upya. Alikasirika, ndiyo, lakini hasira ya pale ilimpa nguvu mikononi. Hasira ya ofisini ilimkaa kifuani kama kichomi.

Sasa tuseme wazi kilichokuwa kinafichwa kwa adabu. Mama Ininahazwe alikuwa Mtwa, wa kabila dogo linalodharauliwa, na kwa watu wa kwao Vestina, waliovuka kutoka Burundi na kuotesha mizizi Busunzu, ufinyanzi ni kazi ya Abatwa. Maharage ya nyumba ile yalipikwa miaka yote kwenye vyungu vya Abatwa, yakaliwa, yakasifiwa. Lakini Mtwa mwenyewe akija kuuza alisimama uani, na akinywa maji kikombe chake kiliwekwa kando. Chungu kilikaribishwa jikoni, mikono iliyokifinyanga ikaachwa nje, na hakuna aliyeona kuwa hapo pana kichekesho.

Kwenye barua ya tatu Bwana Nurudini hakuandika kitu. Alimwita. "Mimi nina mabinti," alisema. "Binti yangu akiacha kazi ya kudumu bila mimi kujua, nitamlaumu mkuu wake mpaka kaburini. Mzee wako akikubali, nasaini leo leo. Akikataa, siwezi kumvunjia heshima. Nimeshampigia simu."

Vestina alikuwa na miaka thelathini na moja. Alihisi masikio yakiwaka moto. Alitaka kumwambia mtu huyu mwema kwamba wema wake ni kufuli, lakini mtoto wa Mzee Kipriani hafungui mdomo hivyo mbele ya mkubwa, na hilo nalo likamkasirisha.

Mzee Kipriani Manirambona akafika Ijumaa kwa basi la asubuhi, amevaa koti la kanisani, amebeba dumu la lita tano lililozibwa kwa jani la mgomba. Ilikuwa urwagwa, pombe ya ndizi aliyoikamua mwenyewe. Kwao neno kubwa halipelekwi mkono mtupu. Unakwenda na pombe na mirija miwili ya matete. Unasema haja yako. Mwenye uamuzi akikubali, kila mtu anashika mrija wake, mnakunywa chombo kimoja, na hapo neno limefungwa. Hakuna wa kulifungua, hata mkigombana kesho.

Alikaa kwenye kiti cha wageni ofisini kwa Bwana Nurudini, Vestina akasimama mlangoni kama mshitakiwa.

"Bwana mkubwa," mzee akaanza, "mimi mpaka nimeuvuka mgongoni kwa mama yangu. Nimekua naitwa mkimbizi mpaka nywele zimeota mvi. Siku nimepewa karatasi ya uraia, nilisema mtoto wangu hatainama tena kwenye udongo wa mtu, atakaa kwenye kiti. Barua yake ya kazi na karatasi yangu ya uraia vinakaa bahasha moja. Nakuomba usimwache atoke. Ni utoto tu huo."

Kisha akatoa mirija miwili kutoka mfuko wa ndani wa koti, akaizibua pombe, akaingiza yote miwili, akamsogezea mkuu dumu kwa mikono miwili.

Bwana Nurudini akaweka mkono kifuani. "Mzee wangu, heshima hii ni kubwa. Lakini mimi ni Mwislamu, pombe situmii. Unisamehe sana. Neno lako nimelisikia, Vestina atabaki kazini."

Mzee Kipriani akabaki ameshika dumu. Kote njiani alikuwa amepanga maneno, na hili halikumjia kichwani hata kidogo. Kwake mkubwa ni mkubwa, na mkubwa hunywa. Akachomoa mirija polepole, akashukuru, akatoka. Vestina aliona aibu kwa niaba yake, na papo hapo akaona hasira kwa niaba yake mwenyewe, maana wanaume wawili walikuwa wameyagawana maisha yake na hakuna aliyegeuza shingo kumtazama.

Akamsindikiza stendi. Basi la Kibondo lilikuwa bado linapakia magunia. Wakakaa kwenye benchi la mbao, dumu katikati yao. Mzee alilitazama lile dumu kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

"Baba," Vestina akasema, "amekunywa?"

"Hakunywa. Umeona."

"Basi neno halijafungwa."

Mzee akageuka. "Amekubali kwa mdomo."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mdomo haufungi kitu. Shamba la babu mkubwa lilirudi kwa sababu aliyepewa hakunywa. Ulisimulia mwenyewe, mara ngapi? Au mila ni kwa ajili ya mashamba tu?"

Mzee akafumba macho. Alikuwa mtu wa kushika neno. Hiyo ndiyo mali pekee aliyovuka nayo. Vestina akaona amemshika pabaya, na hakuona furaha.

Akachukua mirija mkononi mwa baba yake, akaiingiza kwenye dumu. "Sasa na mimi naleta haja yangu. Pombe ni yako, sina nyingine. Baba, nimechoka. Miaka sita nabeba faili kwenda na kurudi. Nakaa kwenye kiti chako, baba, si changu. Nataka kufinyanga. Najua ni kazi ya nani. Nakuomba." Sauti ikamkatika pale alipotaka iwe ngumu. "Wewe ndiye mwenye uamuzi. Kunywa au kataa, lakini usimwachie yule bwana."

Utingo alikuwa anaita abiria. Mzee Kipriani angeweza kukataa, alikuwa na haki. Lakini kukataa haja iliyoletwa mbele yake na mtoto aliyepiga magoti (Vestina alikuwa ameshapiga magoti, kwenye maganda ya miwa na mafuta ya magari) kulihitaji moyo ambao hakuwa nao.

Akainama, akashika mrija mmoja. Vestina akashika wa pili. Wakanywa.

"Mpigie," mzee akasema. Vestina akapiga, akamwekea simu sikioni. "Bwana mkubwa, ni Kipriani. Mwache aende." Akairudisha simu kama inamchoma.

Kisha akasimama, akalinyoosha koti lake, akamnyooshea mkono. "Nipe mkono, mwanangu, mwana wanje. Leo bado ni mkono wa karani. Ukianza kushika ule udongo, sitausalimia."

Vestina akampa. Baba akaushika kwa nguvu, akauweka kati ya viganja vyake viwili, kama anaagana na mtu anayesafiri mbali. Angenyamaza. Mtu mwenye busara angenyamaza, basi likaondoka, na kila mtu akabaki na chake. Lakini alikuwa amenyamaza miaka sita.

"Baba, huu udongo nimeushika kila Jumamosi, miaka mitatu sasa. Krismasi umenisalimia. Pasaka umenisalimia. Ni mkono huu huu."

Mzee Kipriani akauachia. Akavitazama viganja vyake, kwanza kimoja, kisha cha pili. Halafu, mbele za watu, akavipangusa kwenye koti lake la kanisani, akapanda basi bila kugeuka.

Makere iko kwenye barabara hiyo hiyo ya Kibondo, na basi lile lingemshusha Vestina mlangoni kabisa kwa Mama Ininahazwe. Nafasi zilikuwapo. Alibaki chini, akangoja linalofuata.