Matawi Kwenye Barabara ya Kushoto

Boaz alisimamisha pikipiki juu kabisa ya mlima, akanionyesha kwa kidole mahali pa kusimama, kama mtu anayeonyesha mahali pa kuchimba shimo la nguzo.

"Nyamusi, hapa. Hutoki hapa mpaka umwone Okari. Hata ukibanwa, jikaze."

"Na akikawia?"

"Ngoja. Si ndiyo sababu nilikuchagua? Hawa wengine hawawezi kungoja hata chai ipoe."

Akaingia barabara ya kulia, kona ikammeza.

Tulikuwa pikipiki nane. Wageni watano, Boaz mbele, mimi nikimfuata, na Okari, mfunga mkia, nyuma ya wote, amevaa reflekta ya kijani. Tulitoka Migori asubuhi, tukafuata ziwa kupitia Sori, sasa tulikuwa tunavuka milima ya Gwassi ili tuteremke Sindo, tulale Homa Bay, kesho turudi Migori kwa Rongo. Wageni wanalipa kuona hayo: bonde la Lambwe upande huu, ziwa upande ule, na kisiwa cha Remba kule majini kinang'aa mabati.

Kazi yangu ilikuwa moja. Kila njia panda nasimama, nanyoosha mkono kuonyesha njia, mpaka Okari apite. Okari hampiti mgeni. Mgeni akisimama, naye anasimama. Kwa hivyo ukimwona Okari, unajua wote wamepita.

Njia panda nyingine zote zilikuwa za mchezo tu. Ukikosea unafika shuleni au kwa mtu, unageuka. Hii haikuwa hivyo. Barabara ya kulia, ile yetu, ilikuwa nyembamba, mawe yametokeza. Ya kushoto ilikuwa pana, imelainishwa na greda, mgeni yeyote angeipenda. Lakini ilikuwa inateremka vibaya, changarawe haijashika, na baada ya kona tatu kulikuwa na daraja dogo ambalo mvua ya wiki iliyopita ilikuwa imelibeba. Jumatano mimi na Boaz tulikuja kukagua njia, tukasimama ukingoni. Chini ni mawe, labda mita sita. Hakukuwa na kibao wala kamba. Nilimwuliza Boaz kama asubuhi ya safari atawaambia wageni.

"Nikiwatisha nusu yao watabaki hotelini," alisema. "Tutasimamisha mtu."

Mtu mwenyewe ndiye mimi.

Wageni wanne walipita mmoja mmoja, nikawaonyesha kulia, wakanipigia honi. Nikahesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne. Aliyebaki alikuwa Marion, mwalimu wa Nakuru, mwenye pikipiki nyekundu. Alikuwa anaendesha polepole na kila tukisimama alikuwa anauliza mbele kukoje. Yeye, kisha Okari.

Hawakuja.

Dakika kumi si kitu. Ishirini pia, mtu anaweza kuwa amesimama kupiga picha. Ilipofika nusu saa niliivua helmeti nisikie vizuri. Nikasikia mbuzi, na upepo. Simu haikuwa na mtandao, mlima ulikuwa umeuzuia. Upande wa ziwa ukungu ulianza kupanda, na nyuma yake wingu jeusi la mvua.

Kando ya njia panda kulikuwa na kibanda cha chai kimefungwa. Mama mmoja alitokea kwenye kijia, amevaa nguo nyeupe ya kanisa, Biblia kwapani, akanitazama tangu kichwani mpaka kwenye buti.

"Wewe ni askari wa barabara?"

"Hapana, mama. Nangoja watu."

"Hao wenye pikipiki kubwa kubwa? Walipita zamani. Wamekuacha."

"Wamebaki wawili."

"Mimi naitwa Edinah. Kibanda ni changu, lakini leo ni Sabato, siuzi." Akafungua kufuli. "Kukupa naweza. Kuuza ndiyo siwezi. Nimetoka mara moja tu kuangalia ng'ombe, narudi kwa ibada ya mchana. Kunywa haraka."

Chai ilikuwa ya asubuhi, vuguvugu. Niliinywa nimesimama katikati ya barabara, macho kule tulikotoka.

"Si ukae kwenye benchi?"

"Nikikaa, hawataniona ng'o. Ukungu huu."

"Na wakishika ya kushoto?"

Niligeuka kuitazama. Naye akaitazama barabara ile, akasema kwa sauti ya chini, "Juzi ndama wangu alitaka kuingia hapo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka."

Boda ilipanda kutoka kulia, honi juu. Aliyeiendesha alikuwa kijana wa soko la mbele, anajiita Nyabuto.

"Wewe ndiye Nyamusi? Boaz amenituma. Anasema uteremke, sasa hivi. Okari amepiga simu, cheni imekatika, amerudi Sori na pikapu. Wote wako sokoni wanakungoja wewe tu, na mvua ikinyesha ule mteremko wa Sindo utakuwa kama sabuni."

"Na Marion?"

"Marion ni nani?"

"Mwanamke wa pikipiki nyekundu."

"Mimi nimeambiwa Okari amerudi. Wengine siwajui, dada yangu."

"Boaz alisema wawili wamerudi, au mmoja?"

"Alisema..." Nyabuto akakuna shingo. "Alisema mfunga mkia akirudi, basi nyuma hakuna mtu. Simu ya Okari ilikatika akiongea. Sasa unakuja ama nikamwambie umekataa? Kwa sababu amekasirika yule. Amesema asiyesikia akae na mbuzi."

Edinah alicheka. Mimi sikucheka.

Hesabu ya Boaz ilikuwa sawa. Okari hampiti mgeni, kwa hivyo Okari akirudi, Marion amerudi naye. Lakini niliambiwa nisitoke mpaka nimwone Okari, na aliyeniambia hivyo ni Boaz, na sasa Boaz huyo huyo anasema nitoke. Kama nabaki bure, nimewaweka watu watano kwenye mvua. Kama naondoka na Marion yuko njiani...

"Tuweke matawi," Edinah akasema. "Kila mtu anajua matawi."

Tulikata matawi ya mti ulio nyuma ya kibanda, yenye majani mengi, tukayapanga mafungu manne kwenye barabara ya kushoto, kama wanavyofanya madereva gari likiwaharibikia. Nyabuto alisaidia fungu moja akisema anachelewa. Kisha akageuza boda akaenda. Edinah akafunga kibanda, akachukua Biblia yake.

"Nenda, mwanangu. Mungu ataangalia."

Njia panda ikabaki haina mtu. Nilitazama kule tulikotoka mara ya mwisho, nikahesabu mpaka hamsini, nikawasha pikipiki.

Niliteremka kona ya kwanza, ya pili. Kwenye ya nne niliona matawi barabarani, na mkono wangu ukapunguza mafuta, nikajivuta upande, nikapita. Mbele kidogo kulikuwa na lori la makaa limeharibikia, dereva amelala chini yake, miguu nje. Nikalizunguka, nikaongeza mafuta.

Nilikuwa nimekwenda labda mita mia ndipo nikashika breki zote mbili.

Nilikuwa nimeona matawi na sikusimama. Wala sikufikiria kusimama. Matawi hayasemi rudi. Yanasema pole pole, kuna gari mbele, lizunguke uende. Marion amefundishwa hivyo, kama mimi, kama kila mtu mwenye leseni. Nilikuwa nimemwekea alama ya kumwambia apite.

Sikumbuki nilivyogeuza pale palipo pembamba. Nakumbuka dereva wa lori akitoa kichwa na kuniuliza, "We msichana, umesahau nini?" na mimi kupita bila kumjibu, gia ya pili ikilia. Nilikuwa najisemea, amerudi Sori, amerudi Sori, yuko na Okari wanakula samaki.

Juu, ukungu ulikuwa umefika. Nilishuka, nikainama. Ardhi ilikuwa imelowa kidogo, nayo ilikuwa na mstari mmoja wa tairi, mpya, umepita katikati ya fungu la kwanza na la pili la matawi. Umezunguka vizuri kabisa, kama wa mtu mwenye adabu barabarani.

"Marion!"

Hakuna jibu.

Niliingia kushoto. Nilitaka kwenda mbio na nikaogopa kwenda mbio, changarawe ilikuwa inateleza chini ya gurudumu. Nilipiga honi bila kuachilia. Kona ya kwanza, hakuna kitu. Kwenye ya pili mstari wa tairi ulipinda ukawa mpana, mahali gurudumu la nyuma lilipoteleza, kisha ukanyooka tena. Nilizima injini nisikilize. Maji tu, kule chini, yakipita mahali daraja lilipokuwa. Niliiacha pikipiki pale, nikakimbia kona ya tatu kwa miguu.

Pikipiki nyekundu ilikuwa imelala ubavu. Kutoka gurudumu la mbele mpaka ukingo nilihesabu baadaye: hatua tisa. Marion alikuwa ameketi kando yake, mguu mmoja chini ya tangi, amekumbatia helmeti.

"Usikaribie haraka," alisema. "Inateleza."

Niliinua pikipiki kwa mgongo, vile tunavyoinua zenye mzigo, akavuta mguu. Ulikuwa mzima, umechubuka tu gotini. Alijaribu kusimama, akakaa tena.

"Okari alikuwa nyuma yangu," alisema. "Kisha nikaangalia hayuko. Sikujua amebaki wapi. Nikamngoja kule chini karibu dakika arobaini, halafu nikaona mvua inakuja, nikasema nipande tu, mbele kutakuwa na mtu. Kila njia panda kulikuwa na mtu."

"Ndiyo."

"Hapo juu hakukuwa na mtu. Nikaona matawi, nikasema, basi wamepita hapa, kuna gari limeharibika. Nikaja pole pole, kila kona nalitafuta hilo gari. Nalitafuta gari, naona shimo." Alianza kucheka, kicheko kibaya, akaziba mdomo kwa glavu. "Kama ningekuwa nakuja kwa kasi... Nani aliweka matawi?"

"Mimi."

"Kwa hivyo ulikuwa hapo. Mbona sikukuona?"

Ningeweza kusema ukungu. Ukungu ulikuwepo kweli, mpaka kwenye kope zetu.

"Niliondoka," nikasema. "Boaz alituma mtu niende, nikaweka matawi, nikaenda. Nilipofika mbele ndipo nikajua matawi hayatoshi. Nikarudi."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na mimi nilikuwa nimeshika usukani wa pikipiki yake ili isirudi chini.

"Uliondoka kwa muda gani?"

"Sijui. Dakika kumi. Labda kumi na mbili."

"Nilingoja arobaini," alisema, "na wewe umeshindwa na kumi."

"Nilingoja saa nzima. Kisha nikaondoka hizo kumi."

Honi ya Boaz ilisikika kule juu, mara mbili, mara tatu, halafu sauti yake ikiita jina langu kwa hasira. Matone ya kwanza yalianza kupiga tangi la mafuta.

"Utamwambia nini?" Marion akauliza.

"Vile ilivyokuwa. Na kwamba hii barabara ifungwe kwa mawe kabla hatujaondoka, mvua inyeshe isinyeshe."

"Atakufukuza."

"Anaweza."

Alivaa helmeti yake, akasimama kwa kunishika bega, akajaribu mguu. Kisha akazunguka nyuma ya pikipiki, akaweka viganja vyote viwili kwenye kiti.

"Mimi siipandi hii mpaka tufike juu," alisema. "Weka gia ya kwanza, uongoze. Na usiniache nyuma."

"Tembea upande huu wangu, basi, nikuone."

Akaja ubavuni kwangu, akashika keria kwa mkono mmoja. Niliwasha injini, yangu ningeirudia baadaye, tukaanza kupanda hatua kwa hatua, mimi nikigeuza shingo kila mara kumtazama, naye kila mara akisema, "Nipo. Tazama mbele. Nipo."